Nimeokoa Fedha, Msiniulize Kiasi Gani

Nasema mapema, ili tusije tukaelewana vibaya: mimi ni mtu wa kubana matumizi. Wapo watu ambao wakiharibikiwa na pedi ya kuchezea gemu huingia katika duka la kwanza wanaloliona, hulipa wanachotajiwa, na hurudi nyumbani kabla wenzao hawajachoka kuwasubiri. Watu hao hawajui thamani ya fedha. Mimi, kabla sijatoa hata senti moja, hufungua kurasa za maduka ya ng'ambo, nikalinganisha bei, nikasoma maoni ya wanunuzi wa nchi ambazo sitazifika, nikapima kwa rula urefu wa waya unaotosha, na mwisho nikanunua kitu kilekile kwa theluthi ya bei. Kwamba kitu chenyewe hufika wakati nimekwisha kusahau kwa nini nilikihitaji, hilo ni suala la usafirishaji na halihusiani hata kidogo na hesabu yangu. Hesabu yangu siku zote ni sahihi. Ninaowalalamikia ni watu waliojipanga njiani kati yangu na hesabu hiyo, kila mmoja akiwa amenyoosha mkono.

Bei ya chini yenyewe si muujiza. Sehemu kubwa ya vifaa hivi, yaani pedi, kibodi, vipanya, hedifoni na zile taa zinazobadilika rangi ambazo sijaona mchezaji hata mmoja aliyepata ustadi kutokana nazo, hutengenezwa kusini mwa China, hasa Shenzhen na miji inayoizunguka. Mtaa wa Huaqiangbei katika jiji hilo umejaa majengo yanayouza vifaa vya elektroniki kuanzia ghorofa ya chini hadi ya juu, na muuzaji wa huko anaweza kwenda kiwandani na kurudi siku hiyohiyo. Hilo nalielewa. Kilichonishangaza kwa miaka mingi ni nauli. Iliwezekanaje waya wa kuchajia pedi uvuke bahari kwa gharama ndogo kuliko ya kutuma barua mtaa wa pili?

Jibu lilikuwa Bern, Uswisi, ulikoundwa Umoja wa Posta Duniani mwaka 1874. Kwa uamuzi wa mwaka 1969, posta za nchi mbalimbali zimekuwa zikilipana kwa kazi ya kugawa vifurushi vilivyotoka kwa wenzao, na kwa muda mrefu nchi zilizohesabiwa kuwa zinaendelea, China ikiwa mojawapo, zililipa viwango vya chini kuliko nchi tajiri. Kwa hiyo kifurushi kidogo kilichotoka Shenzhen kiligawiwa upande wa pili wa dunia kwa malipo ambayo mara nyingi hayakurudisha hata gharama ya kukigawa. Niliufurahia utaratibu huo kimyakimya, bila kumtajia mtu, kwa sababu nimeona kwamba kitu kizuri kikishazungumzwa sana huja mtu akakirekebisha. Na ndivyo ilivyotokea. Oktoba 2018 Marekani ilitangaza kwamba ingejitoa katika umoja huo. Septemba 2019 wajumbe wakakutana Geneva na kukubaliana kwamba nchi zinazopokea mizigo mingi ziruhusiwe kujipangia viwango vyao. Naamini katika mkutano mzima hakusimama mjumbe hata mmoja kuutetea waya wangu wa pedi.

Nauli zilipoanza kuonekana, maduka yakabuni dawa: usafirishaji wa bure kwa yeyote anayefikisha kiwango fulani cha ununuzi. Hapo ndipo mtu mwenye akili ya fedha anapojulikana. Pedi niliyoitaka ilipungukiwa kidogo tu kufikia kiwango hicho, hivyo nikaongeza vifuniko vya mpira vya kuvisha vijiti vyake. Bado pakapungua. Nikaongeza kishikio cha kuzuia waya wa kipanya usiburuzike mezani, ingawa kipanya changu hakina waya, kisha nikaona kwamba vile vifuniko vya mpira hupata punguzo kwa anayechukua seti kadhaa, nami nikachukua seti kadhaa. Nauli ikafutwa. Nikawa nimeokoa nauli nzima. Mke wangu, ambaye katika mambo ya fedha hana subira ya kuifuata hoja hadi mwisho wake, aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, hiyo nauli uliyookoa ni kubwa kuliko hivi vitu ulivyoviongeza?" Nikamweleza kwa utulivu kwamba hayo ni mambo mawili yasiyolinganishwa, kwa kuwa nauli ni gharama, lakini vitu ni mali. Tangu wakati huo nyumba yetu ina mali nyingi ya mpira.

Kuna pia tarehe 11 Novemba, siku ya punguzo kubwa ambayo Alibaba, kampuni ya China ya maduka ya mtandaoni, waliianzisha mwaka 2009 na ambayo sasa maduka mengi ya mtandaoni huisherehekea. Mimi huiheshimu siku hiyo. Nimebaini hata hivyo kwamba mwishoni mwa Oktoba bei za vitu nilivyoviweka kikapuni huanza kupanda taratibu, ili siku yenyewe ikifika zipate mahali pa kushukia. Wakati wa kulipa, duka hunionyesha bei kwa fedha ya nchi yangu, kwa kiwango cha kubadilisha fedha walichokipanga wao. Nikikataa na kuchagua kulipa kwa fedha ya duka, benki yangu hutumia kiwango chake na kuongeza ada ya muamala wa nje. Ninapewa, kwa maneno mengine, uhuru kamili wa kumchagua atakayenikata.

Baada ya kulipa, hupewa namba ya kufuatilia mzigo. Kwa vifurushi vya posta namba hiyo ina herufi 2, tarakimu 9 na herufi 2 za nchi ulikotoka mzigo, jumla 13, kwa mujibu wa kanuni ya umoja uleule wa posta. Ikianza na R, kifurushi kimesajiliwa. Ikianza na E, ni cha huduma ya haraka. Na tarakimu ya tisa haina kazi nyingine isipokuwa kuzihakiki zile nane zilizotangulia, ili mtu akikosea kunakili ajulikane papo hapo. Ni mfumo uliobuniwa na watu makini sana, na natamani wao ndio wangepewa pia kazi ya kuandika taarifa zinazofuata. Kifurushi changu "kimeondoka katika kituo cha kupanga mizigo". Kesho yake "kimewasili katika kituo cha kupanga mizigo", kituo kilekile. Kisha "kimekabidhiwa kwa shirika la ndege", maneno yanayompa mtu moyo hadi atakapotambua kwamba kukabidhiwa si kupakiwa, na kupakiwa si kuruka. Baada ya hapo ni kimya, na kimya hicho huwa kirefu kiasi kwamba nimewahi kuamka usiku kwenda kuhakikisha kwamba intaneti bado ipo.

Mwaka 2021 meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez, kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi, nilikuwa na kibodi safarini. Mfereji ulizibuliwa baada ya siku 6, lakini muuzaji aliendelea kuutaja kuwa ndio sababu ya ucheleweshaji mpaka mwaka uliofuata. Kibodi yenyewe ilitumwa kwa ndege. Ilipofika, nikakuta ina mpangilio wa Kifaransa, ambao A imekaa mahali pa Q na W imekaa mahali pa Z, na ndiyo maana ilikuwa na punguzo kubwa kuliko nyingine zote. Kompyuta haijali kilichochorwa juu ya kitufe. Hufuata mpangilio iliochaguliwa na mwenyewe. Macho ya binadamu, kwa bahati mbaya, hujali, na askari wangu katika gemu walipata taabu kubwa kabla vidole havijajifunza kutoyasikiliza macho.

Nikaachana na posta, nikahamia kwenye kampuni za usafirishaji wa haraka. Hawa wana mizani, lakini hawaiamini. Wakishapima kilo, huchukua rula: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000, na jibu likiwa kubwa kuliko kilo halisi, mteja hulipia jibu. Hedifoni niliyoagiza ina uzito wa gramu 300 hivi. Muuzaji, kwa upendo mwingi, aliitia katika sanduku lake la maonyesho, sanduku la maonyesho akalitia katika jingine la sentimita 40 kwa 30 kwa 25, na nafasi iliyobaki akaijaza vifuko vya plastiki vyenye hewa. Fanya hesabu mwenyewe: 30,000 gawanya kwa 5,000. Nililipia kilo 6, ambazo tano na ushei zilikuwa hewa ya Guangdong, jimbo la Shenzhen. Wanangu walivipasua vifuko vyote kwa dakika chache huku nikiwatazama, na sikuweza kuwaeleza walichokuwa wakikipasua kimegharimu nini.

Na hewa hiyo, nawaambia, ilitozwa ushuru. Nchi nyingi hazikokotoi ushuru kwa bei ya kitu peke yake, bali kwa bei, bima na nauli vikiwa vimejumlishwa, kisha kodi ya ongezeko la thamani huhesabiwa juu ya jumla ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Tuchukue kitu cha bei ya 100, kwa fedha yoyote utakayopenda, chenye nauli ya 40 na bima ya 2. Ushuru ukiwa asilimia 10, hauhesabiwi kwa 100 bali kwa 142, nao ni 14.2. Kodi ikiwa asilimia 20, huhesabiwa kwa 156.2, nayo ni 31.24. Umefika 187.44, na bado hujamlipa yule msafirishaji aliyekutangulizia kodi kwa niaba yako bila kuombwa, ambaye ana ada yake kwa ajili ya wema huo. Nimejaribu kuitafuta thamani iliyoongezeka. Hedifoni ni ileile iliyotoka kiwandani, haikujifunza jambo lolote njiani. Thamani yake imeongezeka kwa sababu imetozwa, na imetozwa kwa sababu thamani yake imeongezeka.

Zamani mnyonge alikuwa na upenyo. Vitu vya bei ndogo vilipita mpakani bila kusumbuliwa, kwa sababu kuvikadiria kulikuwa na gharama kubwa kuliko kodi yenyewe. Lakini tazama mfululizo huu. Australia, tarehe 1 Julai 2018, ikaanza kudai kodi hata kwa bidhaa ndogondogo zinazoagizwa kutoka nje. Umoja wa Ulaya, tarehe 1 Julai 2021, ukaufuta msamaha wa kodi uliokuwa ukivilinda vifurushi vya thamani isiyozidi euro 22. Marekani, iliyokuwa tangu 2016 ikiachia mizigo ya hadi dola 800 ipite bila ushuru, ikausitisha utaratibu huo kwa nchi zote Agosti 2025. Mimi si mtu wa kudhania njama. Lakini serikali ambazo haziwezi kuelewana juu ya jambo lolote zimekaa, kila moja kwa wakati wake, zikaelewana kuhusu kipanya changu.

Kipanya hicho kina historia yake. Tangu mwaka 1988 mataifa hutumia mfumo mmoja wa namba wa kupanga bidhaa forodhani. Kibodi na vipanya vya kompyuta vimo katika 8471, hedifoni katika 8518, na mashine za gemu katika 9504, pamoja na karata na meza za biliadi. Tofauti hii si ya kitaaluma tu, kwa sababu nchi nyingi zilijiunga na makubaliano ya mwaka 1996 ya kuondoa ushuru kwenye vifaa vya teknolojia ya habari, na kuwa ndani ya 8471 ni heri kubwa. Ofisa alikitoa kipanya ndani ya boksi, akakigeuza, akaona joka jekundu limechorwa mgongoni na taa zikimulika kutoka tumboni. Akaniuliza, "Mzee, hiki ni cha kazi au cha mchezo?" Nikamjibu, "Mheshimiwa, kipanya chenyewe hakijui." Alicheka, na kwa hilo namsifu. Kisha akaandika 9504.

Kuhusu betri nitasema machache, kwa kuwa nikisema mengi shinikizo la damu hupanda. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo wa ndege za abiria, na zikipanda ndege za mizigo hutakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji; betri iliyo ndani ya kifaa chake huruhusiwa kwa masharti mepesi zaidi. Siyapingi masharti hayo, maana betri hizo huweza kuwaka moto. Nasema tu kwamba kuagiza betri ya akiba ya pedi kuligharimu nauli kubwa kuliko kuagiza pedi nyingine nzima ikiwa na betri ndani yake. Nikaagiza pedi nyingine nzima, na tofauti nikaiandika upande wa akiba.

Pedi hiyo ndiyo iliyonikutanisha na rafiki yangu wa Shenzhen. Wachezaji wanajua ugonjwa wa vijiti: unaiweka pedi mezani, hakuna anayeigusa, na mtu wako katika gemu anaendelea kutembea kuelekea shimoni kwa hiari yake. Hutokea kwa sababu katika pedi nyingi ndani ya kijiti mna vipande vinavyosuguana na kuchakaa. Tiba yake ni vijiti vinavyotumia sumaku na sensa za Hall, yaani vipimaji vya nguvu ya sumaku, ambavyo havisuguani, na si jambo geni, kwani kampuni ya Sega waliziweka sensa hizo katika pedi ya mashine yao ya gemu, Dreamcast, mwaka 1998. Tangazo lilisema Hall kwa herufi kubwa. Pedi ikafika, mtu wangu akatembea shimoni. Nikaifungua kwa bisibisi, nikatafuta sumaku kila upande, sikuiona.

Nikamwandikia muuzaji. Alijibu usiku wa manane, kwa sababu usiku wangu ndio saa zake za kazi. "Mpendwa rafiki," akaandika, "tafadhali iguse pedi kwa upole." Nikaigusa kwa upole. "Mpendwa rafiki, tafadhali izime, uiwashe, kisha usubiri." Nikasubiri. Kila nilipotaja kurudishiwa fedha, aliniuliza hali ya familia na kunisihi niwe na subira siku chache zaidi, hadi muda wa ulinzi wa mnunuzi ulipokwisha, na hapo akaniandikia kwa huzuni ya kweli kwamba muda wa ulinzi wa mnunuzi ulikuwa umekwisha. Ningeweza kuirudisha pedi kwa gharama yangu, akasema, gharama ambayo ilizidi bei ya pedi. Au angenirudishia asilimia 15 iwapo ningempa nyota 5. Nilizipokea asilimia 15 na nyota nikampa, maana asilimia 15 ya fedha ambayo ningeipoteza yote ni faida halisi, na anayebisha alete hesabu yake.

Ndiyo maana siku hizi naielewa vizuri asili ya nyota. Memori kadi niliyoinunua ya terabaiti 2, kwa bei ambayo hata kasha lake la plastiki lingestahili zaidi, ilikuwa na nyota za kumwaga. Nikayasoma maoni upya baada ya kadi kufika. "Imefika salama, sijaifungua." "Ufungaji mzuri." "Nimemnunulia mjomba." Hakuna aliyewahi kuijaza. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kadi huapa kwamba ina terabaiti 2, kwa sababu programu iliyo ndani yake imefundishwa kuapa hivyo. Nafasi halisi ni gigabaiti 32 tu, na unachokiandika zaidi ya hapo ama hupotea ama hufuta kilichotangulia. Ipo programu ya bure inayoitwa H2testw ambayo huijaza kadi na kuisoma tena ili kuufichua uongo huo. Iliufichua wa kwangu baada ya gemu nililolicheza msimu mzima kufutwa na picha za harusi ya shemeji, na shemeji naye hakufurahi, maana picha zenyewe zilifutwa na gemu jingine.

Hivi ninavyoandika, kuna kifurushi changu kimoja kimeshikwa forodhani. Muuzaji, bila kunishauri, aliandika juu yake kwamba ni zawadi yenye thamani ya dola 5. Kikipotea, fidia italipwa kwa thamani iliyoandikwa, yaani dola 5. Kikipatikana, ushuru utahesabiwa kwa thamani halisi, na kwa hiyo natakiwa niithibitishe kwa risiti ya malipo. Kifurushi kimoja kina bei mbili, na kwa kila tukio mimi hupangiwa ile mbaya. Ofisa alitaka pia kujua ni nani huyo anayenitumia zawadi mara kwa mara hivi. Nikamhakikishia kwamba sina rafiki Shenzhen. Akaigeuza karatasi ya mawasiliano yangu na muuzaji, ambayo niliichapisha mwenyewe kama ushahidi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa kila ujumbe.

Tozo ya hifadhi inaongezeka kila siku. Nimeshajaza fomu, yenye kipengele kinachouliza sababu ya kuingiza bidhaa nchini, nami nikaandika kwa mwandiko safi: kubana matumizi. Imerudishwa. Wanasema sababu hiyo haimo katika orodha, na kwamba nichague moja kati ya biashara, zawadi na matumizi binafsi. Biashara sina, zawadi nimekwisha kuikana mbele ya ofisa, na matumizi ndiyo hayo ninayoyabana.